Barua ya wazi kuhusu majengo ya misheni ya Methodisti Ribe: msianze na saruji

Kwa Askofu Msimamizi na Konferensi ya Kanisa la Methodisti nchini Kenya. Kwa wadhamini wa mali ya Kanisa. Kwa Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Na kwa Serikali ya Kaunti ya Kilifi.

Bwana Yesu asifiwe, na heshima zetu kwenu nyote.

Tunawaandikia kuhusu Ribe, na pamoja nayo Mazeras na Jomvu, vituo vilivyoulea Umethodisti wa Kenya kabla haujafika Meru wala Nairobi. Ombi letu ni moja. Kabla mfuko hata mmoja wa saruji haujashushwa penye jengo lolote la zamani katika vituo hivi, kazi ifuate mpango huu: jengo lipimwe na kuandikwa, maji yaondolewe, kisha ukuta uguswe mwisho, tena kwa chokaa. Mara nyingi kinachomaliza jengo la kale huku pwani si uzee. Ni harambee iliyofanikiwa vizuri ikaanzia mahali pasipofaa: sherehe imekaribia, plasta ya saruji inapigwa, rangi ya plastiki inapakwa juu yake, na baada ya misimu michache ya mvua ukuta unaanza kumung'unyika kutokea ndani.

Mnaijua historia, lakini tunaikumbusha kwa sababu ndiyo inayoamua kipi kisiguswe. Januari 1862 Johann Ludwig Krapf, ambaye miaka ya 1840 alikuwa ameanzisha kazi ya Church Missionary Society (CMS), shirika la misheni la Kianglikana, pale Rabai, alirudi Mombasa akiwa na vijana waliotumwa na United Methodist Free Churches ya Uingereza, mmoja wao Thomas Wakefield. Kundi lilivunjika upesi kwa maradhi. Krapf mwenyewe alirudi Ulaya mwaka huo huo, Wakefield akabaki Ribe, na Charles New akaja kuungana naye 1863. Hawakuwa wamekuja kwa ajili ya Waribe. Shabaha yao ilikuwa Waoromo wa kaskazini, ndiyo maana miaka ya 1880 kituo kilifunguliwa Golbanti kando ya Mto Tana, na huko John Houghton na mkewe Annie wakauawa Mei 1886 katika uvamizi wa Wamaasai. Ribe, iliyokuwa pa kupitia tu, ndiyo iliyogeuka kuwa nyumbani.

Wala historia hiyo si ya Wazungu peke yao. Orodha ya njia za misafara kutoka pwani kwenda bara, ambayo Royal Geographical Society iliichapisha 1870 kwa jina la Wakefield, ilitoka kinywani mwa Sadi bin Ahedi, kiongozi wa misafara aliyezijua njia hizo kwa miguu yake. Ribe na Jomvu, kama Rabai, zilikimbiliwa na watumwa watoro, na mwanzo wa 1889 Kampuni ya Imperial British East Africa iliwalipa mabwana fidia ili watoro wa misheni waandikiwe hati za uhuru. Vijukuu vya watu hao wako hai, wengine wanasali katika makanisa hayo. Kwa hiyo ukuta, kaburi na kitabu cha ubatizo si mapambo ya ibada ya kumbukumbu. Kwa familia nyingi ndizo hati pekee zilizopo.

Jirani zenu wamekwisha kuonyesha njia. Rabai ina makumbusho yenye jina la Krapf. Kaya Ribe, msitu mtakatifu wa Waribe, imo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2008, pamoja na kaya nyingine takatifu za Wamijikenda. Msitu wa kaya una mpaka unaojulikana, una wazee na una miiko. Tunaomba majengo ya misheni nayo yawe na mpaka wake. Kila jengo au kaburi linalostahili, ambalo bado halijatangazwa katika gazeti rasmi la serikali chini ya Sheria ya Makumbusho na Urithi wa Taifa ya 2006, lifanyiwe upimaji na lipelekwe litangazwe. Na hati ya ardhi ikaguliwe kwanza: mawe ya mpaka yatafutwe yote, kwa sababu hakuna mfadhili makini atakayetoa fedha kwa jengo ambalo kiwanja chake kina mgogoro.

Kuandika jengo hakuhitaji mashine ghali. Watu watatu wenye futi ya mita 30, pima maji, timazi na karatasi za mraba wanaweza kupima kanisa la ukubwa wa kawaida kwa siku mbili au tatu. Pimeni kuta zote nne na pia pembe kwa pembe. Bila vipimo vya mshazari hamtajua kama chumba kimekaa mraba, na majengo ya kale aghalabu hayakai mraba. Michoro iwe ya kipimo cha 1:50. Kila chumba kipewe namba, kila dirisha herufi, na kila picha ipigwe pamoja na fimbo yenye alama za sentimita. Penye ufa, chora kistari cha penseli mahali unapoishia na uandike tarehe. Rudini baada ya masika, baada ya vuli, na katikati ya kiangazi. Ufa usiosogea mwaka mzima ni kovu la zamani, unajazwa tu. Ule unaofunguka wakati wa mvua na kujifunga wakati wa ukame unawaambia kwamba udongo chini ya msingi unavimba na kusinyaa, na hapo plasta haitasaidia kitu. Dawa yake ni kuyaelekeza maji mbali na msingi.

Maji ndiyo sura ndefu ya barua hii, na tunaomba mtuvumilie. Paa la mita 20 kwa mita 10 lina mita za mraba 200. Mvua ya milimita 50, ambayo ni siku moja tu ya Mei, inalimwagia lita 10,000. Pasipokuwa na gata, lita 5,000 zinaanguka kila upande, zinachimba mtaro chini ya kingo za paa, zinarusha tope ukutani hadi usawa wa goti na kuulowesha msingi. Kazi ya kwanza ya fedha zozote basi iwe paa na gata. Mabati mapya yawe ya geji 28. Geji 30 ni nafuu dukani, lakini ni jembamba mno kwa hewa ya chumvi. Mabati yapishane milimita 150 kwa urefu, na mgongo mmoja na nusu kwa ubavu. Msumari ukae juu ya mgongo wa bati pamoja na washa yake ya mpira; ukipigwa bondeni utavuja mvua ya kwanza, maana maji yote yanapita hapo. Gata zishuke milimita 5 kwa kila mita kuelekea bomba, na zishikwe kwa vyuma kila mita moja, la sivyo zitalegea katikati na kumwaga maji palepale ambapo ukuta umechoka zaidi. Bomba la chini liishie kwenye tangi au mtaro, mita 2 au zaidi kutoka ukutani. Na awepo mtu aliyetajwa kwa jina ambaye kazi yake ni kuzoa majani gatani kila mwisho wa Februari na kila mwisho wa Septemba. Gata iliyoziba ni mbaya kuliko kutokuwa na gata.

Kisha shukeni chini. Kwa miongo mingi udongo, majani na kifusi hupanda kando ya kuta, hata ardhi ya nje ikawa juu kuliko sakafu ya ndani. Iondolewe taratibu, ibaki chini ya sakafu kwa milimita 150 au zaidi, na uso wake uinamie nje. Kabla ya kuchimba, mjulisheni mtaalamu wa mambo ya kale wa Makumbusho: penye misheni ya karne ya 19 udongo huo unaweza kuwa na vigae, shanga, hata makaburi yasiyo na alama. Tafadhali msimwage zege kuzunguka ukuta. Zege linaonekana safi, lakini linayazuia maji ya ardhini kutoka, nayo yanapanda ndani ya ukuta kutafuta njia. Mtaro wa kokoto, upana wa milimita 300, unafanya kazi bora kwa gharama ndogo.

Sasa ukuta wenyewe. Kuta za zamani za ukanda huu zilijengwa kwa mawe ya matumbawe au kwa mawe ya mchanga, haya tunayoyaita Mazeras ambayo leo yanatandazwa kwenye nyua za Nairobi, na yakashikanishwa kwa chokaa. Hazina tabaka la kuzuia unyevu. Ziliishi kwa sababu unyevu uliopanda kutoka ardhini ulipata njia ya kutoka kupitia chokaa. Plasta ya saruji inaifunga njia hiyo. Maji yanapanda juu zaidi, yakibeba chumvi, na chumvi inaganda nyuma ya plasta na kusukuma. Ndipo mnaona plasta imevimba, ukiigonga inalia kitupu, na siku ikidondoka inabeba na uso wa jiwe. Saruji pia ni ngumu kuliko jiwe lenyewe. Ukuta ukisogea kidogo, chokaa hunyumbuka, lakini kiungo cha saruji hakinyumbuki, kwa hiyo linalovunjika ni jiwe. Rangi za plastiki na za mafuta zina dhambi ileile, ingawa polepole.

Penye saruji tayari, msikimbilie kuibandua yote. Gongeni ukuta mzima kwa kipini cha nyundo na kuzungushia chaki sehemu zinazolia tupu. Anzeni na hizo, kwa tindo na nyundo nyepesi, tindo ikilazwa na si kusimamishwa. Jaribuni mita moja ya mraba kwanza. Ikiwa saruji inashuka na jiwe, acheni hiyo iliyoshika sana ibaki mpaka ijiachie yenyewe. Grinda isikaribie viungo vya mawe, kwa sababu inakata kingo za mawe na kovu lake haliponi. Ukuta ukishafunuliwa, uachwe ukauke. Kanuni ya mafundi ni mwezi mmoja kwa kila milimita 25 za unene, yaani ukuta wa milimita 450 unahitaji kama mwaka na nusu. Tunajua kamati haipendi kusikia hivyo. Lakini sherehe ikipangwa kabla ya muda huo, ifanyike ukuta ukiwa wazi, na wageni waelezwe kwa nini.

Chokaa nayo ina taratibu zake. Chokaa hai iliyotoka tanuri inatiwa ndani ya maji, kamwe maji yasimwagwe juu ya chokaa, kwa kuwa inachemka na kuruka. Anayezima chokaa, yaani kuitia majini hivyo, avae miwani ya kazi, glavu na buti, na ndoo ya maji safi iwe karibu kwa ajili ya macho. Uji unaotokea uchujwe kwa chekecheke na uhifadhiwe shimoni au katika pipa, maji yakiufunika juu, kwa miezi mitatu au zaidi. Ukikaa mwaka ni bora. Pasipopatikana chokaa ya tanuri, chokaa ya mifuko inafaa ikiwa ni mpya: ilowekwe saa 24 kabla ya kutumiwa. Ile iliyokaa dukani hadi ikapigwa na hewa imekwisha kurudi kuwa unga wa mawe na haitashika.

Mchanga usitoke ufukweni hata ukioshwa, maana chumvi yake ndiyo adui tunayemfukuza. Uwe wa mto, wenye kukwaruza, wenye punje kubwa na ndogo pamoja. Tieni mchanga nusu chupa, jazeni maji, tikiseni na muache usiku kucha. Tope la juu likizidi asilimia 8 ya kina cha mchanga, uoshwe. Kwa kujengea na kujazia viungo changanyeni karai 1 la chokaa kwa makarai 3 ya mchanga, mkiponda na kuponda kabla ya kuongeza tone la maji. Mchanganyiko mzuri unabaki juu ya mwiko hata ukiugeuza. Penye unyevu mwingi, sehemu moja ya mchanga inaweza kubadilishwa na vumbi la matofali yaliyochomwa kwa moto mdogo, linaloisaidia chokaa kushika. Msiongeze saruji kidogo ili ikauke haraka. Huo ndio ushauri unaotolewa mara nyingi zaidi na ndio unaoharibu zaidi: saruji kidogo inaidhoofisha chokaa bila kuipa nguvu za saruji.

Viungo vichokolewe kwa kina cha mara mbili ya upana wake, visiwe chini ya milimita 20, vifutwe vumbi na viloweshwe ndipo vishindiliwe. Jiwe la Mazeras likibadilishwa, lilazwe kama lilivyolala ardhini. Likisimamishwa ubavu litabanduka tabaka kwa tabaka. Plasta ipigwe mara tatu, kila mkono usizidi milimita 12, na uachwe wiki moja au mbili kabla ya unaofuata. Kila siku kwa siku saba ukuta ufunikwe kwa magunia mabichi, kwa sababu chokaa haikauki tu, inavuta hewa polepole na kurudi kuwa jiwe, na bila unyevu haiwezi. Kama milimita moja kwa mwezi ndiyo mwendo wake. Kwa hiyo kipindi kinachofaa ni baada ya masika, Juni hadi Septemba, jua la Januari likiepukwa. Mwisho ni rangi ya chokaa, nyepesi kama maziwa, mikono minne au mitano. Ukipaka mkono mmoja mzito, utabanduka kama ngozi ya nyoka.

Mbao tunazipitia haraka. Jambo kubwa ni ncha za boriti na kenchi ndani ya ukuta, ambako hewa haifiki. Zichomwe kwa bisibisi: ikizama bila kutumia nguvu, mbao imeoza. Njia za tope za mchwa zivunjwe na zikaguliwe baada ya wiki. Zikijengwa upya, kundi liko hai. Sehemu iliyooza ikatwe na kuungwa kwa mbao ngumu, iliyo nzima ibaki. Milango, madirisha, mimbari na mabenchi ya zamani yasiuzwe wala kubadilishwa kwa vyuma na vioo vya kisasa. Katika kanisa la Kimethodisti mahali pa mimbari panasimulia ibada yenyewe, kwa sababu neno lilihubiriwa kabla ya mengine yote.

Makaburi ya Ribe yana Edmund Butterworth, aliyefariki 1864, Rebecca Wakefield, aliyefariki 1873, na Charles New, aliyeufikia mpaka wa theluji wa Kilimanjaro mwaka 1871 na kufa Februari 1875 akirudi kutoka Uchagani. Maandishi ya mawe hayo ni nyaraka. Yasisuguliwe kwa brashi ya waya, yasioshwe kwa asidi, herufi zisijazwe rangi nyeusi, wala jiwe lililolala lisisimikwe kwa saruji na mtu yeyote. Maji safi na brashi laini yanatosha. Herufi zilizofifia zipigwe picha asubuhi mapema au jioni jua likiwa chini, mwanga ukipita kwa ubavu, na zitasomeka. Nyasi zilizo karibu na jiwe zikatwe kwa mkono na zisichomwe moto kamwe. Mti uliootea kaburini ukatwe usawa wa ardhi, using'olewe. Na tunaomba jambo ambalo halihusu mawe: sehemu za makaburi ambazo wazee wanazijua kuwa za wakristo wa kwanza Waafrika, hata kama hazina jina, ziwekwe kwenye ramani ileile.

Vitabu vya ubatizo, ndoa na mazishi havina subira ya miaka. Vipigwe picha sasa, ukurasa kwa ukurasa, kwa kiwango cha nukta 300 kwa inchi au zaidi, nakala moja ikae Ribe, moja Sinodi, moja Hifadhi ya Nyaraka za Taifa Nairobi. Vitabu vyenyewe visitiwe plastiki ya kuyeyushwa kwa moto wala kubandikwa selotepu. Viwekwe katika masanduku ya karatasi isiyo na asidi, juu ya rafu, mbali na ukuta wa nje. Anayetafuta habari za vituo hivi ajue kwamba Kanisa limebadilika majina: United Methodist Free Churches, kisha United Methodist Church baada ya muungano wa 1907, kisha Methodist Church ya Uingereza kuanzia 1932, na Kanisa la Methodisti Kenya lenye mamlaka yake kuanzia 1967. Barua za wamishonari ziko London, katika maktaba ya SOAS. Konferensi ikiomba nakala za kidijitali za zile zinazohusu Ribe, Mazeras, Jomvu na Golbanti, watoto wa huku hawatalazimika kuisoma historia yao kupitia kwa mtu mwingine.

La mwisho ni mkataba wa kazi. Kandarasi inapotangazwa, bei ya chini isiwe kipimo pekee. Mwombaji aonyeshe ukuta wa chokaa alioufanya, uliopitia masika mawili. Lamu bado ina mafundi wanaoijua kazi hii, na Fort Jesus ina wataalamu wa Makumbusho. Kaunti igharamie vijana wanne au watano kutoka wadi ya Kambe/Ribe kufanya kazi chini yao tangu siku ya kuzima chokaa mpaka mkono wa mwisho wa rangi. Malipo yatolewe kwa hatua: michoro ikipokewa, paa na gata zikipita mvua moja bila kuvuja, ukuta ukikaguliwa baada ya mwaka. Na asilimia fulani ya kila harambee iwekwe kando kwa ajili ya matunzo, kwa jina la jengo na si kwa jina la kamati.

Tunaomba mtujibu kabla ya masika yajayo, ili upimaji uanze wakati ardhi bado kavu.

Wenu katika kazi,

Mafundi wa mawe na chokaa, pamoja na watunza kumbukumbu za misheni, Ribe na Mazeras